Biriani Bila Kiazi

Kila Jumapili mchana, kibaraza kilicho ubavuni mwa hoteli ya Sattar hukaliwa na wazee watatu, na mgeni akikikalia hukodolewa macho mpaka ainuke mwenyewe. Ghonta, yaani Kengele, alikuwa kondakta wa tramu, na sauti yake haijastaafu. Potla anauza miwani na hajawahi kukubaliana na mtu. Wa tatu ni Bhombol, mnene, mpole, mgane wa miaka tisa, anayekaa chumba cha juu ya hoteli hiyohiyo tangu alipooa. Mtaa huu wa Kolkata una tabia yake: jina ulilopewa na bibi yako kabla hujaota meno ndilo utakalozeeka nalo. Jina lako rasmi, la vitabuni, huonekana mara mbili tu, kwenye kadi ya harusi na kwenye tangazo la msiba. Kwa kawaida wazee hawa hutoka kula biriani kwa Sattar, wakanywa chai kwa vikombe vya udongo, wakagombana juu ya hoteli ipi inapika vizuri kuliko zote. Jumapili hii walitoka kula wakiwa kimya, na kimya cha Ghonta si jambo la kheri.

— Nimeuchimba ule wali mpaka nikaiona sahani, alisema mwishowe. Nyama ipo. Yai lipo. Kiazi hakuna.

— Labda chako kilianguka, alisema Potla.

— Kianguke wapi, mapajani? Chako wewe kilikuwepo?

Potla akautazama mtaro.

— Hakikuwepo.

— Na wewe, Bhombol?

Bhombol akatikisa kichwa. Aliogopa kufungua kinywa, sauti isije ikamwaibisha.

Alikuwa na sababu. Alhamisi aliwakuta vijana wawili wakipima ngazi yake kwa utepe, toka chini hadi mlangoni. Alipowauliza, mmoja alimjibu, “Tunapima tu, mjomba,” akacheka kidogo. Hakumwambia mtu, maana aliona kwamba jambo likishatamkwa kibarazani limeshakuwa kweli. Badala yake alijiwekea sharti la kitoto: biriani ya Jumapili ikiwa vilevile, basi hakuna kilichobadilika. Miaka arobaini na moja kila sahani ilikuja na kiazi chake kizima, cha manjano, laini hadi ndani. Marehemu mkewe alikuwa akikikata chake na kumpa nusu.

— Mimi najua, alisema Ghonta. Mpishi kaibwa. Yale majengo mapya yenye ngazi za umeme yamempakia kwenye gari na sufuria lake. Humo ndani sasa hivi anapika mtu hata hatumjui.

— Acha zako. Mpishi nimemwona, kanisalimia.

— Alikusalimia kwa sauti gani?

— Sauti yake.

— Una hakika?

Potla akafikiri, na kule kufikiri kukamtia baridi.

— Alikuwa na mafua, alisema.

— Umeona!

— Ngoja, ngoja. Si mpishi. Ni Sattar mwenyewe. Mara ya mwisho mlimwona lini Sattar?

Wakahesabu. Hakuna aliyemwona tangu wiki iliyopita.

— Basi kafa, alisema Potla. Kafa, wamemficha, na hoteli inaendeshwa na binamu zake wa mji wa Lakhnau. Kule biriani hawaweki kiazi. Wanatucheka. Wanasema kiazi ni cha maskini.

— Kweli bwana! Ghonta akapiga goti. Na wale wana kinyongo. Mfalme wao alipofukuzwa alikuja kwetu na wapishi wote, sisi tukaitia biriani yao viazi. Unadhani wamesahau? Wanaanza na kiazi. Mwezi ujao yai. Mwaka ukiisha tunakula wali mweupe na tunashukuru.

Siku nyingine Bhombol angecheka mpaka chai imwagike. Leo alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Tuhamie kwingine, alisema Potla. Twende mtaa wa Tangra kwa Wachina, kuku wa pilipili.

— Kuku wa pilipili Jumapili mchana? Una homa?

— Basi ile hoteli yenye vyumba vya mapazia. Katlesi yao ya samaki haina mpinzani.

— Yale mapazia ni ya wachumba, we mzee! Watatu sisi tukijifungia mle, mtaa utasemaje?

— Haya, kule wanakopakua kwenye majani ya mgomba, samaki wa haradali.

— Kile ni chakula cha nyumbani. Nani anatoka nyumbani kwenda kula nyumbani?

— Mimi sina kwingine, alisema Bhombol.

Alikuwa hajasema neno tangu wakae, kwa hiyo wote wawili wakamgeukia. Kabla hawajamuuliza, Moinul, mhudumu mwenye ndevu za hina, akatoka kumwaga maji. Ghonta akampigia kelele.

— Moinul! Tuambie ukweli. Nani kafa?

— Mungu apishe mbali! Hajafa mtu.

— Kiazi kiko wapi?

Moinul akaweka ndoo chini. Akamtazama Bhombol, akaacha kumtazama.

— Mzee Sattar kasema tusinunue vingine, alisema. Viazi, mchele, kuni. Vilivyomo stoo viishe kwanza.

— Halafu?

— Hakusema halafu.

Akaichukua ndoo, akaingia ndani. Wote walijua duka linavyofanya linapojiandaa kufunga. Bhombol akaigeukia ngazi yake.

Hapo ndipo alipokuja kijana mwenye jalada kwapani, shati safi, adabu nyingi. Akainamisha kichwa.

— Samahani wajomba. Namtafuta Bwana Bibhutiranjan Hajra.

— Nani? alisema Ghonta.

— Bibhutiranjan Hajra.

— Mwanangu, mtaa huu hata mbwa nawajua kwa majina. Hajra hayupo. Potla?

— Hayupo. Labda mtaa wa pili.

Hawakumdanganya. Hata wakilishwa kiapo wangesema hivyohivyo. Ni Bhombol peke yake aliyelijua jina lile. Akakaa na furaha ya woga, ile ya mtu aliyejificha na kusikia nyayo zikimpita.

— Basi naandika hajulikani, alisema kijana akitoa karatasi na kalamu. Hicho chumba kitahesabiwa kitupu.

— Chumba gani? aliuliza Potla.

Kijana akaelekeza kalamu juu. Dirishani kulikuwa na msuli wa kijani umeanikwa, bado unadondosha maji. Kijana naye akauona, akashangaa.

— Ule msuli wa nani?

Ghonta, aliyejibu kila swali tangu tramu ya kwanza, alitazama kikombe chake. Wakisema ni wa Bhombol, wamemkabidhi rafiki yao kwa ile karatasi. Wasiposema, rafiki yao hayupo duniani. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Bhombol akasimama.

— Wangu, alisema. Hajra ni mimi. Nipo. Usiandike kitupu.

Kijana akampa karatasi na kalamu. Ilani ya kuhama, alisema kwa upole, jengo lote, siku tisini. Bhombol akaandika jina lote, herufi moja moja, kama mtoto anayejaribiwa. Kijana akashukuru, akaenda zake. Wale wawili wakamtazama kana kwamba ameketi hapo leo kwa mara ya kwanza.

Ghonta akasogea kumpa nafasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya kwenye msiba.

— Kaa, Bwana Bibhutiranjan, alisema.

Bhombol hakukaa.

— Msiniite hivyo, alisema. Nawaomba. Niiteni Bhombol.