Mama Anapepeta: Maisha ya Mwalimu Gaudiosa Kasmir (1956–2025)

Jambo la kwanza ambalo sisi wajukuu tulilitambua kwa Bibi ni namna alivyomtaja Babu Leonidas, aliyefariki mwaka 2009. "Leonidas hanywi chai isiyo na tangawizi," alisema siku moja mezani. Tukamwuliza, "Bibi, Babu si alikufa?" Akajibu, "Alikufa. Na chai isiyo na tangawizi bado hanywi."

Mwalimu Gaudiosa Kasmir alizaliwa Milepa tarehe 3 Aprili 1956. Alipewa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo wajomba wenye mvi walimwita "mama" na kumpa shikamoo angali akitambaa. Alisema riwaya yake ilianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi Milepa, kisha ualimu mjini Sumbawanga, akafundisha Kiswahili tangu 1978 hadi alipostaafu 2016. Alifunga ndoa na Leonidas, mfanyabiashara wa mahindi, tarehe 13 Oktoba 1979.

Baada ya kustaafu aliandika riwaya hiyo, *Mama Anapepeta*. Katika sura ya tatu mama anafariki na kuzikwa. Katika sura ya nne anapepeta ulezi uani na kuwafokea mbuzi, wala msomaji hajui kama ni kumbukumbu, ni mzimu, au ni kaburi lililokosea mtu. Mchapishaji alitaka kila "anapepeta" iwe "alikuwa akipepeta". Bibi alikataa, na mswada ukalala miaka minne. "Huyo hajamzika mama yake," alisema. "Mimi wangu nimemzika, na bado ananigombeza."

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Mwanawe Cornelius alimsihi wodini, "Mama, kubali basi, angalau ukione kitabu." Akamjibu, "Kukiona si lazima. Ila wakikichapa kimekatwa ulimi, nitarudi, na wewe ndiye utakayenipikia." Mwezi Juni mwaka huu mchapishaji alikubali kukitoa kilivyo, bila kugusa neno. Bibi alifariki nyumbani kwake Chanji, Jumatano tarehe 27 Agosti 2025.

Ameacha watoto wawili, Cornelius na Agnesi, wajukuu sita, na kaka yake, Mzee Urbano, aliyeagiza kwamba kwa heshima ya msiba wasifu huu umtaje marehemu kwa wakati uliopita tu. Tumemtii hadi hapa.

*Mama Anapepeta* inazinduliwa hapa Chanji, Jumamosi tarehe 15 Novemba, saa nne asubuhi. Bibi anapumzika kwa amani mpaka siku hiyo. Kiti cha mbele kimeshatengwa, na chai ya tangawizi itakuwapo. Mgeni rasmi ni mwandishi mwenyewe. Tunamsubiri.