Khattab Acheze Wapi?

Nje ya duka la matairi la Abdullatif, hapa Ibra, Oman, njia ya kwendea sokoni, pana benchi refu la mbao, na baada ya sala ya alasiri hulikuti tupu. Harub huja na dalla, birika lake la kahawa, na tende za shambani kwao. Marzouq huja mikono mitupu na mdomo umejaa. Abdullatif huvuta kiti cha plastiki akaligeuzia duka lake mgongo, mteja akija na apige honi. Kila mmoja ana Kiswahili alichokuja nacho: Harub ana cha Unguja mjini, hajakibadilisha hata neno moja tangu aondoke mtoto, na Marzouq ana cha Bujumbura, na kila mmoja humwonea huruma mwenzake kwa anavyosema. Wameshagombana pale juu ya mbuzi, juu ya mvua, juu ya nani alitangulia kuja Oman na kwa ndege gani. Siku hiyo waligombania mtoto wa mtu, na baba mtu mwenyewe, Thani, kakaa katikati yao, simu juu ya paja.

Mambo yalikuwa hivi. Khattab, kitinda mimba wa Thani, yuko chuoni Nizwa, mwaka wa mwisho, na anacheza mpira wa kikapu. Kijana mrefu, mashallah, mlango wa kwao huuingia kwa kuinama, lakini si urefu peke yake. Chini ya kikapu hugombania mpira na majitu mapana. Akiupata huushusha mwenyewe, kama wale wafupi wepesi. Akisimama mbali akatupa, unaingia. Wenye mchezo wao humwita fowadi, mchezaji wa mbele, lakini chuoni alichezeshwa kila pahala, leo hapa kesho kule, akiumia yeyote Khattab anaziba. Sasa klabu moja ya Maskati inamtaka kwa mkataba, kazi ya kweli. Mwalimu wao, mtu mmoja anaitwa Alaa, akamwuliza kijana anacheza wapi hasa. Khattab akajibu: popote mtakaponiweka.

Jibu hilo Thani ndiye aliyemfundisha. Nyumba kama zao, mtoto akiingia majlisi hatafuti pahala pazuri. Anakaa karibu na mlango, na wakubwa wakipenda watamwita juu. Kujichagulia ni kukosa adabu, na Khattab adabu anayo, hata majirani wanasema. Lakini Alaa hakusikia adabu pale, alisikia mchezaji asiyejijua. Basi akampigia simu baba, kwa heshima zote, akamwambia wazi kwamba klabuni anayecheza kila pahala huishia kukaa nje, maana kila pahala pana mwenyewe. Mzee amtazamie, amwambie nafasi moja tu. Atapiga tena kabla ya magharibi. Asipopata jibu ataandika mtu mwengine, na Khattab aende akakae kwenye ile kazi ya ofisini Izki ambayo mjomba wake keshamsemea.

Thani alikuwa fundi mkubwa wa umeme mpaka alipostaafu, na pale barazani jina lake ni Injinia. Ukimwuliza waya gani unakwenda wapi, atakujibu hajaweka kijiko chini. Hili lilimshinda. Mchana mkewe, Asya, alimwambia akimharibia kijana jambo hili, Khattab hatalalamika hata kidogo, na hilo ndilo litakalomuuma zaidi. Thani alikuwa amekwishajiandaa kumjibu Alaa neno lile lile la popote, kwa kuwa hakuwa na jengine. Ndio akaja na simu yake barazani, akawaeleza wenzake, akawaonyesha vidio aliyotumiwa na marafiki wa kijana, fupi, inatikisika, mtu anapiga kelele karibu na kamera.

Kosa lake ni kuwaonyesha.

Harub alianza, kwa kuwa yeye ni Refa. Jina hilo kalipata skuli alikosomesha hesabu, siku refa wa mpira wa miguu alipougua akapewa yeye filimbi, na tangu hapo hakuna mchezo duniani asioutolea hukumu. Akasema hakuna la kujadili, mrefu anawekwa chini ya kikapu, ndio maana Mungu akamrefusha. Marzouq akamcheka. Yeye kweli aliucheza mchezo huo ujanani, Bujumbura, kwenye uwanja wa saruji wa wamisionari, na anayo alama gotini ya kuonyesha asiyeamini. Akaeleza, na mwanzoni alieleza vizuri, kwamba ukimweka kijana mwenye macho kama yale chini ya kikapu unamfanya ukuta. Mtu anayeona wenzake wote uwanjani anapewa mpira mkononi aongoze.

— Huyu ni gadi, akasema. Gadi mrefu. Watu wa namna hiyo wanatafutwa kwa tochi.

Abdullatif hakuwa ametia neno, na hilo ni jambo la kutia wasiwasi. Aliwahi kufanya kazi stoo ya hospitali, na kwa ajili hiyo wanamwita Daktari, na yeye hulichukua jina hilo kwa uzito. Akasema wote wawili wanatazama juu, na maradhi ya mchezaji yako chini. Ijumaa iliyopita aliviona viatu vya Khattab mlangoni pa msikiti, akaweka chake ubavuni, chake kikaonekana cha mtoto mchanga. Mguu wa namna ile hauwezi kugeuka upesi, kwa hivyo kuongoza hapana. Tena babu yake Khattab magoti yalimsumbua, kwa hivyo kurukaruka chini ya kikapu hapana vilevile. Thani akamwuliza kwa upole, basi kijana acheze wapi. Daktari akasema kwanza wajue alinyonya nini. Aliyekuzwa kwa maziwa ya ngamia huenda moja kwa moja, hapindi, na wa maziwa ya mbuzi hugeuka kila upande.

Thani, masikini, akajibu kwamba alikuzwa kwa ya kopo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Harub akahama kwenye urefu akaingia kwenye nasaba. Wajomba wa kijana ni watu wa Sur, na watu wa Sur toka zamani wameongoza vyombo baharini, kwa hivyo akubali kuwa kiongozi wa timu ama asicheze. Marzouq, alipoona hoja yake ya gadi imeibiwa na kuvishwa nguo za Sur, akaona aibu kubaki nayo. Akasema akifikiri vizuri, Khattab apewe nafasi zote tano, na wale wanne wengine wakae wapumzike, wamletee maji. Daktari akapinga kwa sababu ya magoti. Wakapandishiana sauti, kahawa ikamiminwa, tende zikapita, na kila aliyetikisa finjani kuonyesha ametosheka alijisahau akaipokea tena.

Usidhani walikuwa wanamfanyia mzaha. Walimpenda kijana yule, kila mmoja kamwona akikua, na mwenzao akiwa na shida hawajui njia nyengine ya kumsaidia ila kumpa maneno mengi kadiri walivyonayo. Thani alilijua hilo, na aliwashukuru moyoni. Lakini jua lilikuwa limeshafika ukingo wa paa la duka la mkabala, na kila akiitazama vidio ile alimwona mwanawe kwa ukubwa wa kidole, anapita upesi, mgongo tu.

Honi ikalia. Alikuwa mtu wa Dima wa Tayyin, jina lake Hood, mtu mzima lakini mdogo kwao wote, gurudumu lake limetobolewa na mawe ya mlimani. Kwao Kiswahili anacho bibi yake, na chake ni cha kuokota kwa bibi. Alipowasikia akafurahi, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akaulizwa habari za njiani na za mvua na za watu, akajibu hakuna habari ila kheri. Mfanyakazi akachukua gurudumu, na mgeni akapewa nafasi kwenye benchi, tende kwanza, kisha kahawa. Kila mmoja akamweleza kesi kwa upande wake, wote pamoja. Hood alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipoelewa baba mtu ni nani, akamgeukia.

— Mimi mtoto yangu anacheza mpira ya miguu, akasema. Kila mechi mimi nakaa nyuma ya goli, ndio najua yeye anaogopa mpira ya juu. Wewe, ami, mtoto yako akicheza, unakaa upande gani?

Harub alikuwa anamimina. Akaacha kumimina. Marzouq akatazama barabara, Abdullatif akakumbuka kwamba ana duka, akageuka kulitazama. Wanaume wanne wamesema tangu alasiri juu ya mchezo wa mtu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia uwanjani akamwona. Nizwa si mbali. Thani huipita kila akienda Bahla kwa dada yake, na akienda Izki kwa shemegi huwa amekwishaikaribia. Siku za kazi alikuwa na kazi, kisha kazi zikaisha na yeye akabaki na mazoea ya kutokwenda, na kijana hakupata kumwomba, kwa kuwa mtoto mwenye adabu hamwiti babake kuja kumtazama akicheza. Hood aliona ametia mguu pabaya, akataka kuomba radhi. Thani akamzuia kwa mkono.

— Sijawahi kwenda, akasema. Hata siku moja.

Aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mgeni na mbele ya wenzake. Akachukua simu akampigia mwanawe. Khattab akapokea, akasalimu, na Thani, ambaye hakujua watu huanzaje maneno kama hayo, akauliza mechi yao nyengine lini.



— Alhamisi, baba. Kwani vipi? Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa. Nataka kuja.

Thani akaisogeza simu karibu na mdomo. Akaongeza, kwa sauti ya chini, ingawa wote walimsikia:

— Nikija, nikae upande gani?

— Kaa nyuma ya mstari, karibu na kikapu, kona ya kulia, Khattab akasema, na maneno sasa yalimtoka upesi. Mie nikipokea mpira pembeni, upande huo, uso wangu uko kwenye kikapu, naona kila kitu. Nikitaka natupa, nikitaka naingia, nikitaka nampa mwenzangu. Pale ndipo ninapopenda, baba. Sijamwambia mtu. Na pale mkabala wangu pana viti vya wazee wetu. Mie hutazama hapo kabla hatujaanza.

Thani alitaka kumwuliza anatazama nini. Lakini simu nyengine ilikuwa inagonga sikioni, ya Alaa, na adhana ilikuwa karibu. Akamwambia mwanawe asubiri, akakohoa kusafisha koo, akakohoa tena, na Harub akamsogezea finjani. Kisha akapokea, akamwambia mwalimu kwamba Khattab ni wa pembeni, upande wa kulia, aelekee kikapu na mpira mkononi. Alaa akasema sasa amepata mtu wa kumwandika, akauliza kama mzee ana hakika.

— Yeye ndiye aliyesema, Thani akajibu. Mimi Alhamisi nakwenda kumwona.