Sauti ya Bwana Misheck

Jumanne, tarehe nane Julai 2025. Embu iliamka na manyunyu na baridi ya kukunja vidole. Kwenye foleni ya ofisi ya huduma za serikali alisimama Gachoki, mwalimu aliyehamia Kiritiri peke yake, macho yakiwa kwa simu.

“Kwani unangoja kuposwa?” mama aliyekuwa nyuma yake alimtania. Aliitwa Rwamba.

Gachoki akamweleza. Bwana Misheck, afisa wa mkopo wa wanafunzi, alitaka atumiwe elfu nane leo kwa nambari yake ya simu, amfutie faini ya kuchelewa kulipa.

“Kwa nambari yake mwenyewe? Huyo ni mwizi, kijana wangu! Mkopo hulipwa kwa akaunti ya mkopo, si kwa mfuko wa mtu.”

“Lakini huwa tunaomba Mungu pamoja, mama. Hunipigia kila jioni, anauliza kama nimekula, kisha tunaomba.”

“Hata shetani anajua Maandiko.”

Foleni ilicheka. Gachoki hakucheka. Moyoni alikuwa amejua tangu juma la kwanza la simu hizo, ila kule Kiritiri hakuna mwingine aliyemwita kwa jina lake la ubatizo. Alikuja akitumaini kuambiwa dirishani kwamba Misheck ni mtu wa kweli.

“Ahidi,” Rwamba alisema kwa upole, “sisi tuwe mashahidi.”

Gachoki akavua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu, sitatuma hata shilingi. Na jioni akipiga…” Akaitazama simu. “Akipiga, sitashika.”