Mtoto Aliyelala na Viatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu mliokaa, na ninyi pia mliosimama huko mlangoni kwa sababu viti havikutosha! Mnanijua. Mchungaji akiuliza nani ana ushuhuda, mkono wangu ndio unaotangulia kupanda, na Mama Charlotte, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, huanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Leo, Mama Charlotte, usicheke kwanza. Ushuhuda huu sijawahi kuutoa, ingawa kipande chake kimoja mlikwisha kukisikia, tena mlikipigia makofi.

Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonikomboa na miguu yangu mwenyewe.

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, hapa hapa Lubumbashi. Wenye umri wangu wanakumbuka. King'ora kililia alfajiri na baba zetu wakatoka. Unga ulikuja, samaki wa chumvi walikuja, madirisha ya shule yalikuwa na vioo. Sisi watoto tuliamini kwamba king'ora ndicho kinacholiamsha jua. Kisha kazi ikaanza kufa, taratibu, kama mgonjwa asiyetaka kuwasumbua majirani. Mshahara ukachelewa, dawa zikakosekana katika hospitali ya kambi, na mwishowe king'ora kikanyamaza.

Baba yangu hakukubali. Kila alfajiri alivaa buti zake za kazi, akafunga kamba, akaketi kwenye kiti mlangoni. Mama alimwambia, "Baba Ngoie, toa basi izo buti. Hakuna mwenye atakuita."

"Na wakiita," akajibu baba, "utanivalisha weye?"

Alifariki katika kungoja huko. Nyumba ikapewa watu wengine, nasi tukatawanyika. Mimi nilimaliza sekondari kwa taabu, nikabeba mfuko, nikaanza kutembea. Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa mpakani, kisha kaskazini hadi Mitwaba. Niliuza chumvi, sabuni, betri za redio. Kila nilipofika mahali, nilipapenda juma moja, kisha moyo ukaanza kuwasha. Na kila niliporudi Lubumbashi, kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, nilikwenda kambini kuitazama nyumba yetu kutoka barabarani. Waliipaka rangi ya kijani. Nilisimama pale kama mwizi, ndugu zangu, nikitafuta kitu nisichoweza kukitaja.

Katikati ya safari hizo Mungu alinipa mke, Odette, na mtoto wa kike tukamwita Plamedi. Odette alidhani mtoto atanifunga kamba mguuni. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini Mitwaba ilikuwa na maharage mazuri, na mjini maharage yalitafutwa. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda.

Kisha vita vikaja huko. Watu wenye silaha walitoka porini, vijiji vikaungua kimoja baada ya kingine, barabara ikafa. Nilikimbia pamoja na umati, akina mama wakiwa na sufuria vichwani, wazee wakisukumwa kwenye baiskeli. Huku mjini Odette alikwisha kuambiwa kwamba nimekufa. Alivaa nguo nyeusi. Nilipoingia kwenye lupango letu, ua wa nyumba yetu, nikiwa mifupa mitupu, alikaa chini kwenye udongo akalia bila sauti, na Plamedi akajificha nyuma yake kwa sababu hakunitambua.

Ushuhuda wa Mitwaba nimewapa mara ngapi hapa? Jinsi Bwana alivyonipitisha katikati ya moto! Mlisimama, mlicheza, mlilia pamoja nami. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba nguvu zilipoanza kunirudia, niliaga tena. Barabara ilikuwa bado mbaya, nikasema nitaishia Likasi tu. Odette hakupiga kelele. Niliporudi, alikuwa amehamia mtaa wa Bel-Air kwa dada yake, pamoja na mtoto.

Ndugu wa ukoo wangu wakawaka. Mtoto ni wa baba! Nami nikaenda mahakama ya watoto kumdai binti yangu. Alikuwa ameanza shule ya msingi, meno ya mbele yameng'oka. Jumamosi alikuja kwangu, katika chumba nilichopanga hapa mtaa wa Kenya, na Jumapili jioni nikamrudisha. Nilimtaka siku zote. Nawaambia kweli mbele za Mungu, nilimtaka kuliko pumzi.

Hakimu alitusikiliza, mimi na Odette, kisha akasema hataamua kabla mwanasaikolojia hajatuona wote watatu, mmoja mmoja na kwa pamoja. Psikologi! Nililichukua neno hilo hadi kwenye maombi kama mtu aliyebeba nyoka kwenye ndoo.

"Ule ni munganga wa bazimu," akasema mmoja.

"Hapana," akasema Mama Charlotte. "Ule bibi eko na masomo ya kuingia mu kichwa ya bantu. Ukimuachia nafasi kidogo, ameingia! Weye, Papa Plamedi, shuhudia tu. Akiuliza kitu, shuhudia!"

"Na akiuliza ninakulaka nini?"

"Shuhudia!"

Tulicheka, lakini tulifunga na kuomba, na mkanifanyia mazoezi. Mnakumbuka. Mmoja aliuliza, mimi nikajibu kwa Mitwaba, na wote wakasema amina.

Siku ilipofika, Mama Charlotte na wenzake wawili walinisindikiza, wakaketi kwenye benchi la korido. Ofisi ilikuwa ndogo. Kulikuwa na mkeka, vikapu vya vitu vya kuchezea, na psikologi mwenyewe, mama mmoja mpole aliyezungumza Kiswahili chetu, cha mjini hapa.

"Miye si zuzi wa kukata kesi," akaniambia, "na si munganga wa bazimu. Niko natafuta kujua mutoto atakomalia wapi muzuri. Uniambie, papa: Plamedi anaogopaka nini?"

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama! Nikasema, "Bwana asifiwe!"

Kutoka korido, kupitia mlango, wakajibu, "Amina!"

Nikamwaga Mitwaba yote. Moto, mto tuliouvuka, mihogo mibichi tuliyokula, mkono wa Bwana. Yule mama hakunikatiza. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka.

"Ikala chini, papa. Nimesikia vile Mungu alikufanyia. Sasa, Plamedi anaogopaka nini?"

"Haogopake kitu! Ni mutoto wa imani!"

"Rafiki yake wa masomo ni nani?"

Sikumjua. Nikasema Yesu ndiye rafiki wa kweli. Akauliza mtoto akiumwa anataka nini, nikasema maombi. Kisha, nikiona kwamba hatikisiki, nikamtolea ile hazina yangu, ile mliyoipigia makofi hapa. Nikamwambia, "Mama, hata kulala, ule mutoto analalaka na biatu! Sawa wana wa Israeli siku ya kutoka Misri. Eko tayari kwa safari ya mbinguni!"

"Amina!" wakapaza sauti huko nje.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Na ku kwa mama yake, analalaka na biatu?"

Sikujua hilo nalo.

Juma lililofuata alituita mimi na Plamedi pamoja. Mama Charlotte alikuja tena na watu wake, nao wakakaa korido. Psikologi akatuomba tuvue viatu, tukae kwenye mkeka. Mimi nikavua. Plamedi akakaa ukingoni, miguu nje ya mkeka, viatu vyeusi vya shule vimefungwa vizuri. Nikamwambia kwa mzaha, "Toa biatu, mama, ao unakimbia wapi?" Akatikisa kichwa. Wakacheza na vikombe vya plastiki, yeye na yule mama, wakanipikia chai ya hewa, nami nikainywa. Kisha yule mama akamwuliza Plamedi polepole, kama mtu anayeomba sukari tu:

"Plamedi, ku kwa mama unalalaka na biatu?"

"Hapana."

"Na ku kwa papa?"

Mtoto akanitazama kwanza. "Eeh."

"Juu ya nini?"

"Papa anaendaka asubui, miye niko nalala. Nikilala na biatu, atanikuta nimeisha kuvaa. Hatasema nitamuchelewesha."

Ndugu zangu! Hakuna aliyesema amina.

Nikakumbuka. Alikuwa mdogo, tulikuwa bado nyumba moja na Odette. Nilikuwa natoka na mfuko, akanishika suruali, akasema tuende wote. Nami, ili nipate kupita, nikacheka nikamwambia, "Hauna hata biatu, utanichelewesha." Neno la kupita mlangoni tu. Mimi nililisahau kabla ya kufika barabarani. Yeye alilishika.

Nilidhani mama yake hakumfundisha adabu ya kitanda. Wakati mwingine nilimvua viatu mwenyewe, na asubuhi nikavikuta tena miguuni. Kisha nikaja hapa madhabahuni na kukifanya kilio cha mwanangu kuwa hadithi ya imani yangu, nasi sote tukakichezea ngoma.

Mbele ya hakimu psikologi hakunitukana. Alisema baba anampenda mtoto, na mtoto anampenda baba. Alisema pia kwamba mtoto anaishi kwa kungoja kuachwa, na kwamba anahitaji kwanza mahali pasipohama. Odette akapewa mtoto. Mimi nikabakiwa na Jumamosi zangu na Jumapili. Nilimtazama Odette, nikidhani nitaona furaha ya mshindi. Alikuwa anafuta macho.

Nje Mama Charlotte alikuwa anaunguruma. "Ule ni Yezebeli! Papa Plamedi, tukatae! Twende mbele, ku zuzi mukubwa!" Ukoo nao ukasema hivyo hivyo. Lakini mimi sikwenda mbele wala nyuma. Niliingia chumbani, nikajaza mfuko, na siku ya Ijumaa nikaenda mahali yanapopakia malori ya kaskazini. Barabara ya Mitwaba ilikuwa imefunguka tena. Nikalipa nafasi, nikapanda juu ya magunia, moyo ukaanza kupoa, kama unavyopoa siku zote magurudumu yakikaribia kuzunguka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisikia sauti. Sikusikia. Kijana wa lori alikuwa anapiga bati kwa kiganja akituhimiza, nami nikainama kufunga kamba za viatu vyangu, maana safari ya magunia inataka mguu uliokazwa. Nikashika kamba, na mikono yangu ikawa ya baba. Nikamwona pale kwenye kiti, buti zimefungwa, anangoja king'ora. Nikamwona Plamedi, viatu vimefungwa, ananingoja mimi. Maisha yangu yote nilikimbia kile kiti cha baba, kumbe nilikuwa nimemkalisha mwanangu juu yake. Nikasema, "Yesu, nishushe. Peke yangu siwezi kushuka." Hayo tu. Na miguu ikashuka.

"We papa, unashuka? Feza ya nafasi haturudishe!" akapiga kelele yule kijana. "Umesahau bibi?"

"Nimesahau mutoto."

"Sasa mutoto anasahaulika sawa mufuko?" akasema mama mmoja juu ya magunia, na lori zima likacheka. Likaondoka likiwa linacheka. Nami nikabaki kwenye vumbi lake, mzima, nimekombolewa! Haleluya!

Kesho yake nilikuwa mbele ya mlango wa Bel-Air kabla ya watu kunywa chai. Odette alifungua nusu. "Umefika," akasema. Jumamosi iliyofuata, "Umefika tena." Hakunikaribisha ndani, na sikumdai. Nilijifunza kutengeneza mbabula, yale majiko yetu ya makaa, katika karakana ya jirani hapa Kenya, kazi inayomtaka mtu akae mahali pamoja na nyundo mkononi. Kelele ni nyingi. Nimeizoea.

Plamedi aliendelea kulala na viatu. Sikumvua tena. Sikumwambia neno. Kila asubuhi ya Jumapili alifumbua macho, akanitafuta kwanza, akanikuta nimekaa nawasha mbabula. Ikapita mvua, ikaja baridi ya miezi isiyo na mvua. Asubuhi moja nilikanyaga kitu karibu na mlango, nikainama. Viatu vyeusi vya shule, kimoja kimelala ubavu, karibu na vyangu. Nikageuka. Vidole vyake vilikuwa nje ya blanketi, vitupu, vimepakwa rangi nyekundu ambayo sijui alipakwa na nani. Nilipiga magoti hapo hapo penye majivu.

Je, nimerudishiwa yote? Hapana, ndugu zangu, siwadanganyi. Odette hakurudi, na ana haki. Sikumwona mwanangu akijifunza kusoma. Meno yake ya kwanza yalipong'oka mimi nilikuwa napima maharage. Leo ni msichana mrefu, anaimba kwaya kanisani kwao, na Jumamosi nyingine anatuma ujumbe kwamba haji, ana mazoezi. Basi nakaa mlangoni na viatu vyangu vya nyumbani, nangoja. Ni zamu yangu. Naona uchungu, namshukuru Mungu, vyote kwa siku moja. Tena siendi kuitazama ile nyumba ya kijani.

Yule psikologi nilikutana naye sokoni. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya zile amina za korido. Alicheka sana, akauliza, "Na biatu?" Nikamwambia. Akashika mdomo. Mama Charlotte mwenyewe alikuwepo, ndiye aliyemchagulia nyanya nzuri na kumwita mama. Sasa unaweza kucheka, Mama Charlotte.

Namshukuru Mungu aliyenishusha kutoka juu ya magunia. Na wewe uliyekaa hapa, moyo wako uko kwenye lori linalowaka injini: kuna mtu anakungoja amevaa viatu. Shuka. Yeye aliyenishika miguu mimi atakushika na yako. Na kama wewe ndiye uliyeachwa, umelala miaka mingi umejifunga kamba ili usimcheleweshe mtu, basi nakuambia kuhusu Baba yetu wa mbinguni: hatatoka asubuhi kabla hujaamka. Vua viatu, mama. Vua, papa. Lala.