Aling Senda na Maana ya Rangi za Traisikeli Zetu

Kosa ambalo wengi hapa San Balbino hulifanya ni kudhani kwamba rangi ya traisikeli ni mpaka wa mali: soko ni la kijani, mlima wa Ilaya ni wa buluu, na dereva anayepakia abiria upande usio wake ni mwizi. Sivyo. Manispaa ilipogawa rangi ilikuwa ikigawa kazi. Pikipiki yenye kibanda cha buluu ubavuni haikupewa watu wa Ilaya wawe riziki yake. Ilipewa jukumu la kuwafikisha waendako, hata siku ambayo abiria ni wengi zaidi sokoni.

Bi. Rosenda Catapang, ambaye sote humwita Aling Senda kwa heshima, ametueleza jambo hilo kwa miaka thelathini na moja. Leo, tarehe 30 Juni, anastaafu akiwa mkuu wa Kitengo cha Vibali vya Traisikeli.

Alianza kama karani wa kupokea maombi, kisha akawa mkaguzi, na hapo ndipo madereva walipomjua vizuri. Wakaguzi waliomtangulia walitazama breki na taa. Yeye aliongeza ndoo ya maji. Dereva aliketi ndani ya kibanda chake mwenyewe, Aling Senda akamimina maji juu ya paa.

"Aling Senda, mimi nilishabatizwa!" mmoja alilalamika, shati limemganda mgongoni.

"Kaa hapo hapo. Abiria wako hubatizwa kila mvua ikinyesha."

Dereva huyo aliziba paa siku hiyo hiyo. Wengine wakaanza kuziba kabla ya kuja, na mafundi wa vibanda wanamshukuru mpaka leo.

Lakini kazi itakayobaki na jina lake ilianza siku ya sikukuu ya mji, miaka kumi na miwili iliyopita. Isko Maralit, dereva wa kijani, alikuwa amepeleka magunia ya mchele Ilaya kwa kibali maalumu. Akirudi bila mzigo, alimkuta Delia Umali ameshika nguzo ya umeme kando ya barabara, uchungu wa uzazi umemkaza. Sheria ilimkataza Isko kupakia mtu huko. Alimpakia. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, na juma lililofuata chama cha madereva wa buluu kikamshitaki. Adhabu iliyoandikwa ilikuwa kufutiwa kibali, na Isko hakuwa na kazi nyingine ya kuwalisha wanawe.

Kikao cha shauri mbele ya madiwani kilijaa. Mang Tibo, mwenyekiti wa buluu, alisimama na sauti yake ya mnadani.

"Huyu ametuingilia! Leo kabeba mjamzito, kesho atabeba wanafunzi, keshokutwa sisi tule nini? Rangi ya vibanda?"

"Mngekuwepo ningembeba nani?" Isko akajibu. "Kituoni kwenu nilimkuta mbwa, naye alikuwa amelala."

Watu wakacheka. Aling Senda hakucheka.

"Kaka Tibo," akauliza, "siku ile watu wako walikuwa wapi?"

"Mjini, dada. Si ilikuwa sikukuu? Kila mtu hufuata penye abiria."

"Delia je, yeye si abiria?"

Mang Tibo alitazama kofia yake.

Ndipo Aling Senda akawaeleza madiwani, polepole kama kawaida yake, kwamba sheria ilikuwa imevunjwa mara mbili alasiri ile. Isko aliivunja kwa kupakia, na wa buluu waliivunja kwa kuuacha mtaa mzima bila chombo hata kimoja. Kama adhabu ni kufuta vibali, basi vifutwe vyote. Madiwani walinong'onezana, kisha wakatoa onyo kwa pande zote. Isko alibaki na kibali chake.

Wengi wetu tungerudi nyumbani tukiwa tumeridhika. Yeye aliona hatari iliyobaki: dereva mwingine angemwona mgonjwa, angekumbuka namna Isko alivyohangaishwa, na angepita. Kwa hiyo akaanza kudai kifungu kipya, kinachomruhusu dereva wa rangi yoyote kumpeleka mgonjwa au mjamzito penye matibabu. Kifungu kilikwama karibu miaka miwili. Kila kilipoahirishwa alirudi kikao kilichofuata na kuketi kiti kile kile cha mbele.

"Kesho kila abiria atashika tumbo!" diwani mmoja alimtania.

"Mwache alishike, mheshimiwa. Dereva atamfikisha zahanati, si sokoni. Mwenye kuigiza atashuka huko na kurudi kwa miguu."

Kifungu kilipita. Mang Tibo mwenyewe ndiye aliyewapeleka wanachama wake wakakisikilize kikisomwa, na tangu hapo madereva wa kila rangi wamebeba wagonjwa bila kumwogopa mtu.

Kazi moja bado haijaisha, naye ametuomba tusiifiche kwa maneno matamu ya kuagana. Ruhusa ya kupakia haisaidii penye kituo kitupu. Ndiyo maana mwaka huu kila chama kimetakiwa kutoa dereva wa zamu atakayebaki kituoni siku zote za sikukuu. Ilaya wameshamtaja dereva wao. Vyama vya sokoni na bandarini bado vinavutana, na sikukuu inaanza kesho asubuhi.

Aling Senda, asante kwa ukali uliotukausha sote ndani ya vibanda na kwa subira uliyotufundishia. Tunakuombea afya, bustani isiyokosa maji, na usingizi wa mchana usiokatizwa na honi. Pansit na suman ziko mezani. Kula kwanza wewe, wengine watasubiri.

Nanyi viongozi wa sokoni na bandarini: kabla hamjatoka ukumbini leo, mtajeni dereva wenu wa zamu.