Msiende Mtoni

Sogeeni karibu, wanangu, mfunge na mlango wa chumba, na mwenye kukohoa akohoe sasa, kwa maana nikianza sitaki kukatizwa, na pumzi zangu wenyewe mnazisikia zinavyopanda mlima. Khonsen, mwanangu wa kwanza, kaa hapa mkono wa kulia. Yunfat, ondoka hapo dirishani. Tundu hilo lilitobolewa kwa ajili ya mtutu wa bunduki, si kwa ajili ya kichwa chako, na watu wa Kiguru wana macho. Na wewe Samkiau, mkamwana wangu, acha kujibanza nyuma ya mumeo Yunfat. Leo nakuhitaji wewe kuliko hawa niliowazaa.

Sikilizeni basi. Ninakufa, na ninaogopa. Msije mkawadanganya wajukuu kwamba bibi yao aliondoka akitabasamu. Naogopa tangu jana asubuhi nilipoanguka pale uani mti wangu wa kupigania ukiwa mkononi, naogopa njia ya huko niendako ambako sijui nani atanipokea, lakini kuliko yote hayo naziogopa sauti zenu. Naogopa mtanililia.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kila mtu hutamani kwake kwende kilio, kirefu, kisikike mpaka bonde la pili. Mimi nawaomba kwangu kusiende kitu. Wala kilio, wala fataki, wala kitambaa cheupe juu ya mlango. Na wewe Khonsen, usiende mtoni kuninunulia maji. Umeinamisha uso; najua hilo ndilo limekuchoma. Ngoja nimalize.

Mnajua kwamba Kiguru na wanyang'anyi wake wako pale kilimani tangu chai ilipoanza kuchumwa, na mnadhani hajashuka kwa sababu ukuta wetu wa udongo ni mnene, na mlango ni mmoja, na juu ya mlango kuna mfereji wa maji wa kuzimia moto. Nyumba ya kina Kong kule bondeni nayo ilikuwa ya duara kama yetu, na ukuta wake ulikuwa mnene kuliko wetu, na leo nguruwe mwitu wanazaa jikoni mwao. Nyumba ile haikuvunjwa, wanangu, ilifunguliwa kwa mkono wa wenyewe. Mzee wao alifariki huku Kiguru amewazingira, wanawe wakaangua kilio kama inavyopasa, na mkubwa wao akajifunga kitambaa cheupe, akachukua ndoo, akatoka kwenda kutupa sarafu mtoni na kumchotea baba yake maji ya kuoshwa, kwa maana nani kati yetu asiyejua kwamba aliyeoshwa kwa maji ya kisima hafiki kwa mababu? Mlango ulifunguliwa kwa kadiri ya mtu kupita na ndoo, basi. Kiguru ni mtoto wa milima hii hii, mama yake alizikwa kama wanavyozikwa mama zetu, na watu wake walikuwa wamelala kwenye matete wakiingojea ndoo ile.

Na juzi mlimsikia yule mpumbavu wake aliyekuja chini ya ukuta kupayuka: "Enyi kina Lai! Mbona bibi yenu anakohoa hivyo? Mwambieni asihangaike, maji ya mto tumeshamchotea!" Nyinyi vijana mlicheka, mkamjibu kwa matusi ya kuchekesha, na Yunfat ukamwambia aje anywe mkojo wako. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba wameshakaa kwenye matete.

Kinachowazuia ni kile wanachokisikia kila asubuhi jua likigusa paa la upande wa magharibi: mti wangu ukipiga jiwe la kinu uani. Ko-ko, kisha ko. Kiguru akiusikia anasema, bado yuko, bado anasimama nyuma ya mlango ule, na akisimama yeye hakuna mjinga atakayeufungua. Haiogopi mikono yangu. Mikono ya kizee inamtisha nani? Anamwogopa yule aliyesimama darajani, kwa maana mguu wake unamkumbusha kila akiinuka kitandani.

Baba yangu, babu yenu, hakujaliwa mtoto wa kiume. Ufundi wa mti katika nyumba hii haukuwa wa binti, kwa sababu binti huolewa, na akiolewa huenda na ufundi kwa watu wa jina jingine, na kesho watu hao wanakuja kukupiga kwa mti wako mwenyewe. Baba alinifundisha kwa sharti moja, kwamba sitatoka. Atakayenitaka aingie humu, avue jina lake, na watoto wawe kina Lai. Akanipa mzegazega wangu, mti wa kubebea samadi, akasema mwanamke hana upanga ila huu anao kila siku begani. Alinifundisha kwamba mti haupigwi kwa mkono, hupigwa kwa kisigino, na kwamba mwenye hofu huukaba mti, na mti uliokabwa hauoni. Sikuwahi kuacha kuogopa. Nilijifunza kulegeza vidole tu, hofu ikiwa pale pale.

Siku walipokuja mara ya kwanza tulikuwa shambani, wanawake na watoto, ng'ambo ya daraja la magogo. Bunduki zilikuwa bado hazijawafikia watu wa namna yao. Walikuja na mapanga na mikuki. Mbiu ilipopigwa wanawake walikimbia na vikapu mgongoni, na mimi nikabaki nyuma kwa kuwa mke wa baba mdogo alikuwa mjamzito hawezi mbio, na nilipomvusha nikageuka, na wao walikuwa wameshafika upande wa pili. Daraja lile hupita mtu mmoja mmoja. Nikasimama katikati. Hapo nikasikia nyuma yangu komeo la mlango likianguka, na mnajua sheria ya nyumba hii, komeo likianguka halinyanyuliwi, hata kwa mtoto wa nani. Wanangu, nilijikojolea. Maji ya moto yalishuka mpaka kwenye viatu vya majani, na yule kijana aliyekuwa mbele yao akaona, akacheka, akasema, "Dada, nenda kajifute kwanza, tutakungoja." Ndiye Kiguru. Siku hiyo alikuwa bado ana miguu miwili mizima.

Basi wakati huo huo ikateremka njia ya mlimani, kwenye ukingo wetu, mizigo miwili ya chumvi na mwanamume katikati yake. Msafiri, mchukuzi, hana ndugu hapa, hana hata anayemjua. Angeweza kugeuka, hakuna ambaye angemlaumu. Akaweka mizigo chini, akachomoa mti wake, akaja nyuma yangu darajani, akasema kama mtu anayeomba kupishwa sokoni, "Dada, unataka mwenzio, au mchezo huu ni wa mtu mmoja?" Nikamwambia, "Unajua kupigana?" Akasema, "Najua kubeba." Na kweli hakujua kitu, maana alipozungusha mti mara ya kwanza alinipiga bega hili la kushoto, likateguka, na mpaka leo halinyooki. Nikamfokea, "Weka mti chini, mwehu wewe, utaniua kabla yao!" Akauweka. Akarudi mbio, akajaza chumvi kwenye kofia, na kila aliyenisogelea alipata konzi ya chumvi machoni kupitia juu ya kichwa changu, na aliyepofuka nilimshusha mtoni kwa kisigino, kama baba alivyosema. Kiguru alikuja wa mwisho akiwa amefumba macho, mjanja, ndiyo maana hakuona mti ulivyokwenda chini. Nililisikia goti lake likivunjika. Sauti ile sijawahi kuipenda.

Walipoondoka wamembeba, mlango ukafunguliwa, na wazee wakaniita niingie, na yule mgeni wakamwambia asante, njia yake ni ile pale. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji akishapona, mgeni aende zake? Nikasema asipoingia yeye, mimi siingii. Nikaketi chini pale nje, nimelowa, bega limening'inia, naye akaketi kando yangu. Hatukuzungumza la maana. Aliniuliza kama viazi vitamu vya kwetu ni vya nyama nyeupe au nyekundu, nikamwambia nyekundu, akasema basi atakaa. Jioni wazee wakachoka na aibu, wakatuingiza sote wawili.

Huyo ndiye baba yenu, Thong Nyinfa, na humu walimcheka miaka mingi kwamba ni mwanamume aliyekuja kuolewa. Hata Khonsen umewahi kuona haya kwa ajili yake. Nilikuona, ukiwa bado mdogo. Yeye aliwaambia tu, "Nimebeba chumvi za watu maisha yangu yote, jina la watu litanishinda uzito?" Nilimpenda. Silisemi hilo mbele zenu mara nyingi, sasa nalisema. Nilimpenda mpaka nikawa naogopa zaidi kuliko zamani, maana sasa nilikuwa na kitu cha kupotelewa nacho.

Mgao wangu sikilizeni, haunichukui muda. Shamba la chai la mtelemko wa juu ni la Khonsen. Nyati wa kulimia, chumba hiki na mitungi ya mboga za chumvi ni vya Yunfat, na mtungi wenye ufa msiuamini. Mzee Kwetthong, aliyeangusha komeo lile mgongoni pangu, yuko ghorofa ya chini na bado hathubutu kunitazama usoni. Mpelekeeni chai, mwambieni alifanya ipasavyo, na kwamba ningekuwa ndani ningeliangusha mimi. Kinyongo hicho msikirithi.

Mti ni wa Samkiau. Nyamaza, Khonsen! Najua yeye ni binti wa kina Fan, najua ufundi haupewi mtu wa nje, na mimi ndiye niliyefundishwa hivyo, na mimi ndiye ninayeivunja sheria hiyo. Baba yenu alikuwa wa nje. Samkiau nimemfundisha mwaka mzima pale ghalani nyuma ya magunia ya mpunga, mkidhani tunapepeta, na yeye ndiye pekee kati yenu anayeogopa kama nilivyoogopa mimi. Shujaa asiyeogopa atautaka mlango ufunguliwe ili akapigane. Mwoga mwenye akili ataulinda.

Sasa ya mwisho, na mnisogelee, sauti inakwisha.

Nikikata roho mnioshe kwa maji ya kisima. Ndiyo, ya kisima. Jeneza langu liko chini kando ya kinu tangu baba yenu alipoondoka. Mnilaze humo, mzibe kwa chokaa, mrundike magunia juu yake. Moshi wa jikoni mwa Kiguru unapungua kila siku, mmeuona. Mchele wao unaisha, hatakaa sana. Akishaondoka, hapo ndipo mlie, mlie mpaka paa lipukutishe vigae, kilio hicho ni deni langu kwenu na nitalidai. Mpaka siku hiyo mimi ni mzima. Niko uani kila asubuhi. Samkiau utapiga mbili za haraka, na ya tatu utaichelewesha, kwa sababu ya bega.

Unataka kusema, Khonsen. Utasema mtoto gani huyo anayemwosha mama kwa maji ya kisima, utauweka wapi uso wako. Mwanangu, unadhani mimi sioni hofu? Nimelala usiku kucha... najiuliza kama ni kweli, kama nitafika mlangoni kwa mababu wanifungie komeo, nikae nje. Naogopa sana. Lakini nikiyataka maji ya mto, nitaoshwa kwa damu yako... na ya watoto waliolala humu. Basi nitakaa nje. Nimewahi kukaa nje. Haikuwa vibaya.

Niapie. Sema, sitakwenda mtoni... Sikusikii... Haya. Asante, mwanangu. Umenipa kilicho kizito.

Mbingu ziwatunze. Wajukuu wangu wale washibe... wasijue mlio wa panga kwenye mfupa. Yunfat, mpende mkeo mbele za watu. Khonsen, usimwonee Samkiau wivu kwa ajili ya mti. Kaeni humu ndani pamoja... na mlango...

Jua limefika wapi? Paa la magharibi? Basi chukua mti, Samkiau. Unatetemeka... nenda hivyo hivyo, ukitetemeka. Legeza vidole.

Nani huyo? Yunfat... ziba mdomo, mwanangu. Uma nguo. Uma... Wanasikiliza.