Kidole cha Doreen Pettifer

Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 1981, Doreen Pettifer anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwakumbusha waigizaji wa televisheni maneno yao. Wenzake wameniomba mimi mama yake niandike machache juu yake. Shule niliiacha mapema, lakini kumsifu Doreen hakuhitaji cheti.

Alianza mwaka 1947, michezo ya kuigiza ikienda hewani papo hapo, hakuna kurekodi. Mtu akipiga chafya studio, Uingereza imesikia. Doreen alikaa kwenye kigoda katikati ya nyaya, taa zikimchoma, maandishi ya mchezo mapajani, kitufe chenye waya mrefu mkononi. Mwigizaji akisahau, Doreen anabonyeza: sauti inakatika majumbani kote, anamtajia neno, anaachia, mchezo unaendelea. Watazamaji hudhani televisheni zao ni mbovu.

Mwaka wa nne aliteleza. Alitaja neno kabla ya kubonyeza, nchi ikamsikia. Mkubwa wake, Bwana Tansley, akamwambia, "Binti, ukirudia tena, unarudi chumba cha kuchapa barua." Siku hiyo alifika nyumbani asiguse hata chai.

Jumapili iliyofuata, usiku, sebule yangu ilijaa majirani, maana mtaa mzima mwenye televisheni nilikuwa mimi. Mchezo ulikuwa wa mahakamani. Mzee Aubrey Quill, aliyeigiza jaji, akavua miwani atoe hukumu, akafumbua mdomo, macho yakamtoka pima. Papo hapo sauti ikakatika.

Jirani yangu Hobday akainuka. "Mama Doreen, kisanduku chako kimekata roho! Ngoja nikizabe kofi."

"Thubutu! Toa mkono wako hapo. Huyo ni mwanangu, yuko kazini."

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Humwoni wala humsikii. Ndiyo kazi yenyewe hiyo!"

Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde kimoyomoyo: tano, sita, saba... Kumbe, alivyonisimulia baadaye, Mzee Quill hasikii sikio la kushoto, na Doreen alikuwa upande huo huo. Mwanangu akatambaa chini ya kamera, kidole hakijabanduka kwenye kitufe, akaibukia upande wa kulia na kumtajia neno. Nilipofika kumi na moja, sauti ikarudi: "Mshtakiwa hana hatia!" Mke wa Hobday akabubujikwa na machozi.

Maelfu kwa maelfu ya watu, mabwana wakubwa na wake zao, wamenyamazishwa na kidole cha mtoto niliyemzaa mimi, kwenye chumba cha juu ya jiko hili hili!

Mchezo ulipokwisha Bwana Tansley alishuka ngazi hadi pale kigodani. "Pettifer," akasema, "kile kiti cha kuchapa barua nimempa mtu mwingine. Usikitegemee tena."

Kanda za kurekodi zilikuja baadaye, na Doreen akafundisha wasichana kumi na mmoja kazi yake. Lakini usiku ule haukurekodiwa popote. Waliousikia ukimya wake walidhani ni ubovu, na hakuna sifa inayoipita hiyo.

Asanteni nyote mliomtunza. Nawe Doreen, sisi sote tunakuombea afya na siku ndefu za raha. Njoo nyumbani, mwanangu, uongee mpaka uchoke. Zamu ya kunyamaza sasa ni yetu.